Kufunga Bomba la Bati la Kutolea Hewa ya Mashine ya Kukaushia Nguo

Hewa inayotoka kwenye mashine ya kukaushia nguo ni ya moto, ina unyevu na imebeba nyuzinyuzi. Ikipitishwa kwenye bomba la plastiki lenye mikunjo, nyuzinyuzi hunasa katika kila mkunjo, hewa hubanwa, nguo huchelewa kukauka na uchafu huo unaweza kushika moto. Bomba gumu la bati ni laini kwa ndani, kwa hiyo hewa huusukuma uchafu nje.

Kabla ya kununua chochote, pima njia. Kiwango cha juu cha urefu kinachotumika sana Marekani ni futi 35 kutoka mashine hadi nje, ukipunguza futi 5 kwa kila elbo (kiungo cha kona) ya digrii 90 na futi 2½ kwa ile ya digrii 45. Elbo tatu za digrii 90 zinakuachia futi 20 tu. Kitabu cha mashine kikitaja urefu mwingine, kifuate hicho.

Nunua mabomba ya kipenyo cha inchi 4, ya mabati au alumini, yenye unene usiopungua takriban milimita 0.4. Kifuniko cha nje kiwe na kilango kinachojifunga hewa inapokoma, na kisiwe na wavu, kwani wavu huzibwa na nyuzinyuzi.

Hakikisha ukutani hakuna nyaya, mabomba wala nguzo. Toboa kitundu kidogo cha kuongozea hadi upande wa pili, kisha panua kwa msumeno wa tundu wa inchi 4¼, ukiinamisha kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi ndani. Kifuniko kikae angalau sentimita 30 juu ya ardhi na futi 3 kutoka dirisha au mlango. Ziba kingo zake kwa silikoni.

Kwenye kuunga ndipo wengi wanapokosea. Ncha dume, ile iliyofinywa, lazima ielekee nje, yaani iingie ndani ya jike la bomba linalofuata kwa kiasi cha inchi 1½. Ukigeuza, kila kiungo kinakuwa na ukingo unaokabili hewa na kunasa nyuzinyuzi. Unapokata, kata upande wa jike ili dume libaki. Ni rahisi zaidi kabla mshono wa bomba haujabanwa. Kwenye bomba la mlalo, mshono ukae juu. Usikaze kwa skrubu ndefu, ncha zake zitachomoza ndani. Futa vumbi na mafuta, kisha zungushia tepu ya alumini. Tepu ya kitambaa haifai hata kidogo: gundi yake hukauka kwa joto na kubanduka. Shikilia bomba kwa mikanda ya bati isiyoachana zaidi ya futi 12. Sisi tungeweka hata kila futi 4, lisilegee kwenye viungo.

Nyuma ya mashine, ikibidi kutumia kipande kinachopinda, kiwe cha metali, kimoja, kisichozidi futi 8, na kisipite ndani ya ukuta. Usisukume mashine hadi kikabonyea.

Bomba lisiishie darini wala kwenye dohani. Mashine ya gesi hutoa kaboni monoksidi, gesi inayoua bila harufu.

Washa mashine, nenda nje: kilango kifunguke wazi. Pitisha mkono kwenye kila kiungo. Ukihisi hewa, ongeza tepu. Safisha bomba lote angalau mara moja kwa mwaka.