Farasi mdogo amekonda? Anza na minyoo

Jamani mwenye mtoto wa farasi mbavu zinahesabika, usikimbilie kumjazia mahindi, utamletea msokoto wa tumbo bure. Kwanza muite daktari wa mifugo apime kinyesi, hawa wa chini ya mwaka minyoo inawamaliza sana, na dawa usijipimie mwenyewe maana minyoo mingi ikifa kwa mpigo inaweza kuziba utumbo. Acheki na meno. Halafu nyasi kavu nzuri ziwepo muda wote, wa kilo 200 anakula kama kilo 4 au 5 kwa siku, changanya na alfalfa (majani ya malisho jamii ya kunde), ndo yenye protini na kalsiamu. Nafaka kidogokidogo, gawa mara 3. Mpime mzunguko wa kifua kwa futi kamba kila wiki 2 uone kama anaongezeka, macho yanadanganya, hasa manyoya yakiwa marefu.