Kuondoa kompyuta mbovu za ofisi nchini Kenya

Stoo ikijaa kompyuta mbovu, wa kwanza kubisha hodi huwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Analipa taslimu na kubeba siku hiyo hiyo. Lakini anachotafuta ni shaba, alumini na bodi. Kingine chote huishia jalalani au motoni. Ganda la waya nyingi ni PVC, aina ya plastiki, na likichomwa ili shaba itoke, moshi wake hubeba dioksini, sumu kali. Jipange kabla hajafika.

Anza na orodha: aina ya kifaa, namba yake ya kiwandani, hali yake. Kisha mpe fundi siku nzima avipitie. Kompyuta nyingi zinazoitwa mbovu zimeharibika pawa saplai tu, au RAM, kijibodi cha kumbukumbu, imelegea. Taasisi ya umma isikate njia hapa: Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya 2015 inataka kamati ya uondoaji ipendekeze namna ya kuondoa mali na mkuu wa taasisi aidhinishe, ndipo kitu kitoke getini.

Data ifutwe kikweli. Kufomati kwa haraka huacha taarifa palepale, na programu ya bure inaweza kuzirudisha. Diski ya kuzunguka iandikwe upya yote mara moja kwa programu ya kufutia. Ya TB 1 huchukua saa kadhaa, kwa hiyo iache usiku. SSD, diski isiyozunguka, haifutiki hivyo, maana hutawanya maandishi kwenye seli tofauti na nyingine hazifikiwi. Tumia amri ya kufuta salama ya mtengenezaji. Kwenye simu, ondoa akaunti ya Google au ya Apple kwanza, halafu uirudishe katika hali ya kiwandani. Ukianza na la pili, simu inaweza kujifunga, na fundi asiweze kuitumia tena.

Betri ndizo zinazounguza stoo na magari ya taka, kwa hiyo usiziharakishe. Betri ya lithiamu inayotoka kwa urahisi itoe, funika ncha zake kwa tepu ya umeme, kila moja peke yake, uzipange kwenye ndoo ya plastiki mahali pakavu. Ncha mbili zikigusana au zikigusa msumari, shoti hutokea na joto hupanda ndani ya betri. Iliyovimba usiitoboe, usiibonyeze wala kuichaji: ilaze kwenye mchanga mkavu ndani ya debe la bati, nje ya jengo. Ikiwa imegandishwa kwa gundi, usiichokoe. Peleka kifaa kizima na ukiandike "betri imevimba". Betri za UPS, kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, zina madini ya risasi na asidi. Zisimamishe wima, na usikubali mtu amwage asidi mtaroni ili apunguze uzito.

Skrini za kichogo usizivunje: kioo chake kina risasi, na ndani hakuna hewa, hivyo hupasuka kwa nguvu. Skrini bapa za zamani zina taa nyembamba zenye zebaki. Zisafirishe wima, zikiwa nzima.

Sasa mwite mkusanyaji. Kanuni za Usimamizi wa Taka zinataka msafirishaji awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, pamoja na hati ya kufuatilia mzigo. Soma leseni yenyewe: je, bado haijaisha muda, na inataja taka za kielektroniki? Ya kuzoa taka za nyumbani haitoshi. Pima mzigo mbele yake. Ukiisha kusindikwa, dai cheti chenye namba za kiwandani, si kilo peke yake, kisha ulinganishe na orodha yako mstari kwa mstari. Cheti cha kilo tupu hakionyeshi diski ya mhasibu ilikwenda wapi.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamwajibisha mzalishaji kwa bidhaa yake hata ikiwa taka. Itumie mnaponunua: andikeni kwenye mkataba kwamba muuzaji atachukua vifaa vikichakaa, nani atalipia usafiri, na ndani ya siku ngapi.