Somo: Kupanga matembezi ya likizo ya Agosti Mombasa kwa kiti cha magurudumu

Agosti ni mwezi mzuri wa kutoka. Kusi linavuma, jua halichomi kama la Februari, shule zimefungwa, na mwenyeji wa Mombasa ana pa kwenda na kurudi kulala kwake. Somo hili ni la anayetumia kiti cha kusukuma kwa mkono na ana mtu mmoja wa kumsaidia.

Hatua ya 1: Pima kiti kikiwa na mtu. Kalia, shika pete za matairi kama unayejisukuma, kisha mwenzio apime upana wote pamoja na vidole. Andika namba hiyo kwenye simu. Ndiyo utakayoulizia milango.

Hatua ya 2: Piga simu, uliza kwa idadi. Ukiuliza "kiti kinaingia?" utajibiwa "hakuna shida, njooni, tutambeba." Mimi kubebwa sikuhesabu kuwa ni kuingia. Vijana wanne wakiinua kiti na mmoja akateleza, atakayevunjika nyonga si yeye. Uliza hivi: kuna ngazi ngapi kutoka barabarani hadi msalani? Mlango wa choo unafunguka ndani au nje? Ukifunguka ndani, mara nyingi kiti kikishaingia mlango haufungiki tena. Omba picha kwa WhatsApp, na chupa ya soda iwekwe kando ya kizingiti upate kukisia urefu wake.

Wakikwambia kuna rampu, uliza urefu. Kipimo kinachokubalika ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka rampu ya sentimita 180, kwa hiyo ubao wa mita moja uliotupiwa mlangoni ni wa kuangusha watu.

Hatua ya 3: Angalia mwezi. Hapa ndipo wengi wanapokosea siku. Mchanga mkavu wa juu unameza magurudumu madogo ya mbele, lakini uliotoka kuachwa na maji ni mgumu, kiti kinatembea. Kwa hiyo Pirates (Jomo Kenyatta Public Beach) nenda maji yakipwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwetu maji hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi na hujaa kama saa kumi alasiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Maji mafu (mwezi ukiwa nusu) hayaachi ufuo mpana, basi wiki hiyo nenda kwingine.

Kipande kigumu ni kile cha kutoka barabarani hadi mchanga uliolowa. Geuza kiti, kivute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie.

Hatua ya 4: Chagua mahali kwa ardhi yake, si kwa jina lake. Fort Jesus imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, na kila mgeni hupelekwa huko. Lakini ni ngome ya karne ya 16, na juu ya kuta hakufikiki kwa magurudumu. Kama una siku moja tu, nenda Mama Ngina (Mama Ngina Waterfront, kando ya bahari). Tangu ilipokarabatiwa 2019 njia zake ni za kabro, pana, na kuna mibuyu ya kukaa kivulini. Utakunywa dafu, utakula mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, na meli za Kilindini zinapita mbele yako hata huhitaji kunyanyua shingo. Epuka sehemu za ngazi, na jioni za Jumapili ni msongamano mtupu.

Haller Park pia ni pazuri, ila vijia vyake si vya lami. Nenda mvua ikiwa imekatika siku mbili. Palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi mpaka Rene Haller alipoanza kupanda mivinje 1971, na leo ni msitu. Kobe wakubwa wa Aldabra hapo uko nao karibu uso kwa uso ukiwa umekaa, jambo ambalo aliyesimama halipati.

Hatua ya 5: Usafiri. Tuktuk kuliko matatu. Sakafu yake iko chini na kiti kinachokunjika huingia. Patana bei kabla, umwambie dereva kiti kinapanda nacho.

MASWALI

Mwanachama, Likoni: *Asalaam aleikum. Feri ni bure kwa anayetembea, lakini ile teremko inanitisha na mama yangu.*
Waaleikum salaam, dadangu. Maji yakipwa teremko huwa kali zaidi, kwa hiyo vuka maji yakiwa juu. Kushuka, mgeuze mama aangalie juu kilimani, wewe uwe nyuma yake ukishuka kinyumenyume. Kiti kikitaka kukimbia kitakuegemea wewe, hakitammwaga mbele.

Mwanachama, Changamwe: *Baba hataki kutoka. Asema watu watamtazama.*
Kweli watamtazama, usimdanganye. Mwache achague mwenyewe mahali na siku, hata kama ni kibarazani kwa rafiki yake kucheza bao. Akisema hapana, hiyo nayo ni jibu la mtu mzima.

Mwanachama, Kisauni: *Pancha ikitokea njiani?*
Soma ubavuni mwa tairi kubwa. Vingi vina inchi 24 kama baiskeli, na fundi baiskeli yeyote atakuzibia. Tembea na tyubu moja ya akiba.

Mwanachama, Mtwapa: *Mlinzi alikataa nisiingie mgahawani na kiti. Nifanye nini?*
Pole, kaka. Muite meneja, mtajie kwa upole Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inayompa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiwango kinachofaa. Akikataa, andika tarehe na saa, peleka malalamiko kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Mwanachama, Bamburi: *Kiti changu ni cha betri. Naweza kwenda Pirates?*
Kaa juu kwenye lami. Kiti hicho ni kizito, kikizama mchangani hakitolewi na mtu mmoja, na maji ya chumvi yataharibu mota. Omba kiti cha mkono kwa jirani kwa siku hiyo, na mkirudi kisuuzeni kwa maji yasiyo na chumvi, mkikaushe, mtie mafuta beringi kabla ya kukirudisha.