Jinsi ya kusoma chati za kaboni bila kupotoshwa

Ukifungua chati ya kaboni, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayopasha dunia joto, usikimbilie kuangalia nani yuko juu, kwanza soma pale pembeni imeandikwa nini, ni tani za nchi nzima ama za kila mtu, hapo ndipo wengi hupotea. China ilipita Marekani mwaka 2006 na bado inaongoza, lakini ukigawanya kwa watu, Mmarekani mmoja anatoa karibu tani 14 kwa mwaka, Mchina kama 8, na sisi Wakenya hata nusu tani hatufiki. Inaniuma sana, juu hilo joto huleta mvua kubwa, na mafuriko yakiingia mtaa wa Mathare hapa Nairobi hayaulizi nani alichoma makaa ya mawe.

Alafu tafuta jumla ya tangu zamani. Hapo Marekani ndio iko mbele, karibu robo ya kaboni yote.

Ukienda kwa sekta kama stima, usafiri ama ukulima, cheki kama ni kaboni pekee ama gesi zote zinazopasha dunia joto. Stima yetu nyingi inatoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, so mzigo mkubwa wa Kenya uko kwa ukulima, hasa methani, gesi ingine ya joto inayotoka kwa ng'ombe, na kwa chati ya kaboni pekee hao ng'ombe huwaoni kabisa, unaona tu moshi wa matatu.