Beseni, taa na soksi nyeupe: namna ya kuwaondoa viroboto kabla hujamgusa panya

Mwaka wangu wa kwanza wa uhudumu wa afya ngazi ya jamii, huku Lushoto, bibi mmoja aliniita kwa sababu ya panya waliojaa darini kwenye mahindi yake. Nikawawekea sumu. Walikufa kweli. Siku ya tatu akamtuma mjukuu: "Bibi anasema uje uone ulichotufanyia." Nilipofika jikoni, soksi zangu zilishajaa vidoa vyeusi vinavyoruka. Panya akifa mwili hupoa, na kiroboto huhama kutafuta damu ya moto. Mle ndani damu ya moto ilikuwa ya bibi na wajukuu.

Wilaya hii ilipigwa na tauni, ugonjwa hatari unaoletwa na viroboto wa panya, kuanzia mwaka 1980, ikawa inarudi-rudi kwa miaka. Kwa hiyo siku hizi naanza na kiroboto, panya baadaye.

Hatua ya 1: Hakikisha wapo

Vaa soksi nyeupe ndefu, chomekea suruali ndani yake, kisha pita polepole uvunguni na pale mbwa anapolala. Mbwa mwenyewe mchane juu ya karatasi nyeupe. Vumbi jeusi likidondoka, lidondoshee maji. Likitoa wekundu, hayo ni mavi ya kiroboto, yaani damu iliyokauka.

Hatua ya 2: Tega usiku

Chukua beseni pana, jeupe kama lipo. Tia maji ya kina cha vidole viwili na kijiko cha sabuni ya unga, ukoroge taratibu povu lisijae. Usiiache sabuni. Kiroboto ni mwepesi mno, maji matupu yanaweza kumbeba juu juu. Yenye sabuni humzamisha. Weka tofali katikati, na juu yake taa ya sola. Koroboi pia huwavuta, ila kwenye nyumba yenye mikeka na watoto mimi nimeiacha. Zima taa nyingine, laleni.

Asubuhi hesabu kwa kijiti, uandike chumba, tarehe na idadi. Mtego huu hauwamalizi. Ni kipimo chako tu.

Ukiwa na lenzi, mtazame mmoja. Hana mbawa, na amebanwa ubavu kwa ubavu kama mbegu ya ufuta iliyosimama kwa ukingo. Ndivyo anavyopenya kwenye manyoya. Duniani kuna aina zipatazo 2,500. Wa paka na mbwa (Ctenocephalides felis) ana miiba chini ya kichwa, imepangika kama kitana. Wa panya (Xenopsylla) hana kitana, lakini hata Pulex irritans anayeuma watu hana, kwa hiyo usijifanye maabara. Hata funza wa miguuni ni kiroboto: jike hujichimbia kwenye ngozi. Huyo ni mgeni, alivuka bahari kutoka Amerika akafika Angola mwaka 1872.

Hatua ya 3: Shughulikia sakafu

Hapa ndipo watu wengi huchoka mapema. Mayai na mabuu wamo kwenye vumbi, na buu hula mavi ya wakubwa wake. Akikomaa hujifungia kwenye kifuko kilichonasa vumbi, na humo anaweza kungoja miezi mpaka asikie kishindo cha miguu au joto la mwili. Ndiyo maana ukifungua nyumba iliyokaa tupu unavamiwa mlangoni.

Nyunyiza maji, fagia mpaka pembeni, takataka zichome. Matandiko yafue kwa maji ya moto. Ziba nyufa, siriba upya. Kisha nyunyiza dawa ya unga iliyoidhinishwa kwa viroboto, sakafuni na kwenye mapito ya panya. Dawa ya mbwa yenye permethrin usimpake paka, itamuua.

Hatua ya 4: Tega tena

Rudia beseni baada ya wiki mbili. Idadi ikiwa bado kubwa, rudia hatua ya 3. Ikishuka karibu na sifuri, sasa tega panya, na mahindi yashushe darini uyatie kwenye pipa lenye mfuniko.

Sababu ya kung'ang'ania mpangilio huu ni hii. Mwaka 1898, kule Karachi, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayeitoa tauni kwa panya. Vimelea huongezeka tumboni mwake hadi kuziba njia ya chakula. Anauma, damu haishuki, anaitapika jerahani pamoja na vimelea, na kwa njaa anauma tena.

Mtu akipata homa ya ghafla na mtoki kinenani, kwapani au shingoni, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tauni hutibika kwa antibayotiki zikiwahi. Na ukikuta panya wanajifia bila mtu kuwawekea sumu, usiwaguse kwa mkono wala usitege chochote. Toa watoto ndani, kamwite bwana afya.