Kurusha gugli kwa mtindo wa Rashid Khan

Rashid Khan, mzaliwa wa Nangarhar, Afghanistan, alianza kriketi ya kimataifa mwaka 2015. Mwaka 2019 akawa nahodha mdogo kuliko wote waliowahi kuongoza timu ya Test, yaani kriketi ya kimataifa ya mechi za siku kadhaa. Siri yake ni kasi ya mkono: gugli (mpira unaodunda na kugeukia upande wa kinyume) na spini ya kawaida (mpira wa mzunguko unaomkwepa mpigaji wa mkono wa kulia) hutoka kwa mwendo uleule, mpigaji akabaki anabahatisha.

Weka kidole cha shahada na cha kati juu ya mshono, vikiachana kidogo. Kunja cha pete, mpira uegemee ubavu wake. Gumba liguse tu. Acha upenyo kati ya mpira na kiganja, kwa sababu ukiubana hapo hauzunguki.

Anza mita 10 kutoka kwenye wiketi (vijiti vitatu nyuma ya mpigaji), bila kukimbia. Unapoachia, mgongo wa mkono umwelekee mpigaji, na kidole cha pete kisukume mshono. Ukidunda, mpira utamwingilia mpigaji wa mkono wa kulia badala ya kumkwepa. Ukifaulu mara 6 kati ya 10, rudi nyuma hadi urefu kamili wa pichi (njia ya kurushia kati ya wiketi mbili), mita 20.12.

Bega la mbele likianguka mapema, mpira hutua mfupi, na mpira mfupi ni zawadi kwa mpigaji. Kosa baya zaidi ni kupunguza kasi ya mkono ili uupinde zaidi, hapo umeshajitangaza. Tena usiizoee gugli mno, kifundo kitasahau spini ya kawaida. Mazoezini, rusha gugli moja tu katika kila ova, yaani kila mipira sita.