Jinsi ya kusahihisha insha za Kiingereza za madogo wa form one

Walimu wenzangu, hasa mnaopiga tuisheni huku Mbeya, Uyole na Mwanjelwa, acheni kujaza wino mwekundu ukurasa mzima. Dogo kasoma kwa Kiswahili la kwanza mpaka la saba, ukimrudishia daftari jekundu hivyo hasomi hata kosa moja, anaangalia maksi anafunika. Chagua kosa la aina moja kwa kila insha, sahihisha hilo tu, mengine yasubiri zamu yake.

Anza na "My mother she sell potatoes", hii utaikuta kila daftari. Kwetu tunasema mama anauza viazi, ile a- ya anauza lazima iwepo hata kama mama ameshatajwa, sasa dogo anaona na Kiingereza kinataka hivohivo ndo maana anaongeza she. Usimgombeze, ana sababu yake. Mwambie achague moja, mother au she, afu asome sentensi kwa sauti. Ile s ya sells iache mpaka wiki ijayo, ukiyachanganya yote mawili hashiki hata moja.

La pili ni "I did not saw". Hapa Kiswahili kinakusaidia: kwenye sikuona, wakati uliopita umekaa kwenye -ku- tu, ona haijabadilika. Basi did ndo -ku- yao, ikishaingia kitenzi kinarudi kawaida, did not see, did not go.

He na she zinawasumbua kwa sababu kwetu mwanaume na mwanamke wote ni yeye. Unakuta "My father is a driver, she goes to Tunduma". Mpe penseli azungushie kila he na she, achore mstari mpaka kwa mtu anayetajwa, atajikamata mwenyewe.

Informations, advices, furnitures: toa s. Discuss about: toa about. Can be able to: abaki na can.

A na the zinachukua muda mrefu jamani, msiwakimbize. Waanze na hii tu: kitu kikitajwa mara ya kwanza a, kikirudi the. "I saw a lorry at Uyole. The lorry was full of potatoes."

Na ukisahihisha usimwandikie jibu, piga mstari chini ya kosa atafute mwenyewe. Akipata, atunge sentensi mbili mpya zenye kanuni hiyohiyo, za maisha ya kwao, shamba la parachichi au kijiwe cha bodaboda, sio za kunakili ubaoni.